Namna ya Kuonekana Mpiga Picha Kabla Hujawa

Harusi ya kwanza umeshaipata. Binamu kakuamini, kamati imekupitisha, tarehe inakaribia, na kamera huna. Tulia. Zipo njia za mkato, zote halali, na zinafanya kazi Njombe mjini kama zinavyofanya kazi Makambako. Zifuate kwa mpangilio.

1. Pima giza kwanza, hela baadaye

Muuzaji atakuimbia megapikseli. Mwitikie kwa adabu, halafu sahau. Canon EOS 4000D, iliyotoka mwaka 2018, ina megapikseli 18 tu. Zipo kamera za mfukoni zenye 20, na ukumbini Canon hiyo itaziacha mbali. Siri iko kwenye sensa, kile kisahani cha ndani kinachopokea mwanga. Kwenye kamera ya kawaida ya mfukoni kina milimita 6.2 kwa 4.6, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kwenye Canon hiyo kina milimita 22.3 kwa 14.9, yaani eneo la karibu mara 12.

Sasa jiulize: nitapiga picha wapi penye giza kuliko pote? Kama ni ukumbini saa nne usiku, taa za DJ zikizunguka, nunua DSLR, yaani kamera kubwa ya kubadilisha lenzi kama Canon hiyo. Kama ni shamba la parachichi saa nne asubuhi, ya mfukoni inatosha. Swali ni hilo moja. Mengine ni mbwembwe.

2. Ukichukua ndogo, ichukue kwa kujiamini

Simu nzuri tayari unayo, kwa hiyo usinunue kamera ndogo inayofanya kazi ileile ya simu. Tafuta yenye zumu ndefu ya lenzi yenyewe, au yenye sensa ya inchi 1 kama Sony RX100, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2012. La sivyo, hela bakiza.

Halafu ipeleke inakoshinda. Panda nayo Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, wakati wa mvua maua yakiwa yamefunika uwanda. Kamera nyingi ndogo husogezwa hadi sentimita chache tu kutoka kwenye ua na bado picha ikatoka safi. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na DSLR itadai usimame mbali, kama sentimita 25. Mwenye kamera kubwa atakuuliza umewezaje. Tabasamu tu.

3. Ukichukua kubwa, bana kwenye bodi, mwaga kwenye lenzi

Pale ukumbini hakuna anayejua bodi yako ni ya bei gani. Shangazi anaona kamera nyeusi yenye mkanda, basi. Kwa hiyo nunua bodi ya mtumba iliyo nzima, na hela iliyobaki itie kwenye lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Ile ya 18-55, ukiivuta hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Hii ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Nyuma ya bi harusi patafifia vizuri, na watu wataamini umesomea chuo. Waache waamini.

Angalizo moja: Nikon D3300 na D3500 hazina mota ya kulenga ndani ya bodi. Hakikisha lenzi imeandikwa AF-S au AF-P, la sivyo utalenga kwa mkono harusi nzima.

4. Vaa kazi

Funga kofia ya lenzi (hood), ile ya plastiki inayozunguka mbele. Inaifanya lenzi ionekane kubwa na ya kitaalamu, na pia inazuia jua la pembeni lisichujushe picha. Piga goti unapopiga watoto. Wazazi wataona fundi, na picha itakuwa nzuri kweli kwa sababu umefika usawa wa macho yao. Haya ndiyo maigizo ninayoyapenda: yanakupa heshima na kazi inatoka bora.

5. Iachie kamera ifikiri

Wakianza kucheza, zungusha gurudumu la juu hadi Tv kwenye Canon, au S kwenye Nikon. Weka kasi ya 1/125, ISO iache kwenye otomatiki. Kamera itafungua lenzi yenyewe na miguu haitatoka na ukungu sana. Flashi ya kuchomoza usimwelekezee bibi usoni. Azima flashi ya kupachika juu ya kamera, igeuze kwenye dari nyeupe ya jipsamu, na ukumbi mzima utang'aa kama umeleta taa za studio.

6. Ijue baridi, ujue na upepo

Juni na Julai, ukitoka nje Njombe na kuingia ukumbini kwenye joto la watu, lenzi inashika ukungu papo hapo. Funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujaingia, uiache humo mpaka ipate joto. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti, maana baridi huimaliza mapema.

Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, malori na upepo havipumziki. Usibadilishe lenzi stendi. Vumbi likitua kwenye sensa, linakaa kwenye kila picha ya siku hiyo. Badilishia ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa, bodi ikiangalia chini.

7. Anza na salamu

Kabla hujainua kamera mbele ya mzee, mwambie "Kamwene" na usubiri aitikie. Aliyesalimiwa hulegeza mabega, na hakuna lenzi inayoweza kufanya hivyo. Picha ya ukoo ipige mara tatu bila kutangaza. Daima kuna mjomba aliyefumba macho.

8. Safisha moja ya bure

Simu hupotea na memori kadi hufa. Chagua picha moja ya bibi wa bi harusi, safisha kubwa, tia fremu, mpelekee wiki hiyohiyo. Utakuwa umemwachia kitu ambacho familia itakitafuta siku hayupo. Ukuta wa sebule yake nao utakutafutia kazi kuliko tangazo lolote. Siku watu wa harusi ya pili watakapopiga hodi, bei yako iwe imeshaandikwa: taja bila kucheka, na uombe nusu ya malipo kabla.