Sifa za Springi ya Betri

Geita, dhahabu haijawahi kukosa wa kuisifu. Ina soko lake tangu 2019, ina walinzi, ina madalali, na bei yake inaulizwa kabla ya salamu. Springi ya betri haina hata mmoja. Basi leo naisifu mimi, wenye dhahabu mnivumilie.

Nasema ile ya nyuma ya simu ya kiswaswadu: vibati vitatu au vinne vya shaba vilivyopinda, vinavyoisukuma betri usiku na mchana. Kazi yake ni kusukuma tu. Lakini ikilegea kidogo, simu inazimika palepale dalali anapotaja bei. Maana vyuma viwili kugusana si kupatana. Hata vikiwa vinang'aa, nyuso zao zina vilima na mabonde. Umeme hupita kwenye vilele vichache vinavyokutana, na pasipo wa kuvisukuma, havikutani.

Na unyenyekevu wake! Chini ya duara, shimo la wachimbaji huko Nyarugusu, tochi ya kichwani ikififia, mchimbaji anailaani betri, anamlaani na mwenye duka, kisha anaipiga tochi kofi. Inawaka. Springi ya tochi imetikisika, imejisugua kwenye betri na kutoboa utando wa kutu uliozuia umeme, lakini sifa zote linapewa kofi. Simu nayo ikisumbua, mtu anakunja karatasi ya sigara na kuisokomeza ubavuni mwa betri. Kumbe karatasi inafanya kazi ya springi bila kiapo wala mafunzo, na wakati mwingine inaifanya mwaka mzima.

Ukoo wake nao si wa kubeza. Springi nzuri ya simu ni aloi ya shaba iliyopakwa nikeli, kisha dhahabu, kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Tabaka hilo mara nyingi halifiki maikromita 1. Unywele wako ni mnene kuliko hilo kwa makumi ya mara. Sasa kumbuka makinikia, ule mchanga wa madini wa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, mkoani Shinyanga, yaliyozuiwa kwenda nje Machi 2017, nchi nzima tukawa mabingwa wa makontena yaliyoyabeba. Mlikuwa na nini mle? Shaba na dhahabu. Yaani springi, ila bado mchanga. Tulibishana juu ya kilichokuwa kinatoka. Kilichokuwa kinarudi, kimejikunja ndani ya simu za watu Kahama nzima, mkoani humohumo, hakuna aliyekifungulia hata kikao.

Mafundi simu wanaiheshimu kwa namna yao: wanaikwangua kwa wembe. Simu inawaka, mteja analipa, na dhahabu iliyozunguka dunia inapukutika kwenye vumbi la Kahama. Ndiyo dhahabu pekee ninayoijua iliyorudi ardhini bila kibali cha mtu. Shaba iliyoachwa uchi inaanza kuchakaa, na mteja anarudi. (Kwa biashara, si hasara.)

Fundi wangu, weka wembe chini. Toa betri, sugua springi polepole kwa kifutio cha mtoto wa shule, pitisha pamba yenye spiriti, iache ikauke, kisha inyanyue kidogo kwa ncha ya sindano. Na bei usipandishe.