Mwali wa Masjala

Washairi wa Pwani wamesifu mnazi, wamesifu jahazi, wamesifu vimwana. Hakuna aliyekumbuka kulisifu faili la ardhi lisiloonekana. Ni deni la miaka, na leo nalilipa mimi, kwa kuwa kiwanja alichotuachia marehemu baba kina faili la aina hiyo katika ofisi moja ya ardhi huku kwetu, na sisi warithi tumelitafuta hadi wadogo zetu wameota mvi.

Fadhila yake kuu ni haya. Faili letu ni mwali wa ndani, aliyelelewa akaleleka. Hasimami barazani akaonwa na kila apitaye. Wewe nenda dirishani na nambari ya kiwanja, nakala ya hatimiliki, kitambulisho na risiti ya malipo, ukidhani hayo yatosha. Karani atakutazama kama atazamwavyo kijana aliyekuja kuposa peke yake, mikono mitupu. “Faili halionekani, mzee. Rudi wiki ijayo.” Wala hakukosea. Nani huonyeshwa mwali siku ya kwanza? Kwanza mtafute mshenga. Mshenga yuko nje, chini ya mwarobaini, kando ya kibanda cha fotokopi, kalamu mbili mfukoni, na mwali anamjua kwa jina, kwa ukoo na kwa rafu anayolalia. Atakufundisha mila: kuna kifungua mlango, kuna ada ya kungwi, kuna kilemba cha mjomba aliye ghorofani. Risiti usiulize, maana mahari haikatiwi risiti. Ukipunguza, mwali anaumwa. Ukibisha, mwali kasafiri Nairobi. Ukitimiza, anatolewa alasiri hiyo hiyo, kapanguswa vumbi, kamba imefungwa upya, na juu ya jalada duara bichi la glasi ya chai.

Tena haya yake ina uchaguzi. Mwana wa mwenye kiwanja haonyeshwi hata ukucha, lakini tajiri wa mbali aliyekipenda kiwanja hukaribishwa hadi chumbani. Warithi wanapoambiwa hayupo, yeye yuko ndani anabadilishwa jina. Mnakuja kujua mkikuta kiwanja kimezungushwa waya, na bawabu asiyewajua anawauliza mwamtaka nani.

Fadhila nyingine nazitaja mbiombio. Faili hili hulisha watu: mwenye fotokopi, kamishna wa viapo, mama wa mahamri. Hupatanisha jamaa: ndugu waliokuwa hawasemezani sasa wana adui mmoja. Huzidisha ibada: sijasikia inshallah nyingi kama pale foleni. Na lina umri mrefu kuliko sheria. Ile Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa Pwani walete madai yao na kuihesabu ardhi isiyodaiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, ilifutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Sheria imekufa, somo lake tungali nalo, kwamba asiye kwenye karatasi hana kwao. Ndiyo maana twaiandama karatasi hivi.

Serikali nayo, kwa kukosa adabu, imejaribu kumvua mwali buibui. Mwaka 2021 ulizinduliwa mfumo wa Ardhisasa, ukianzia Nairobi, ili mtu afanye upekuzi kwa simu yake. Ni jambo jema, ila karatasi isiyoonekana haipigwi skani. Kabla ya hapo, Mei 2014, Charity Ngilu, aliyekuwa Waziri wa Ardhi, aliifunga kwa muda masjala ya Ardhi House, makao makuu ya wizara hiyo, ili mafaili yapangwe, na maelfu ya yale yaliyodaiwa kupotea yakatangazwa kuwa yamepatikana. Yamepatikana wapi? Humo humo ndani.

Humo humo! Basi hayakuwa yamepotea. Karatasi haina miguu, haipandi ngazi, haina mfuko wa kutilia noti. Kuna mtu aliyeishika, akaificha, akalipwa, na mtu huyo ana mshahara na pensheni vitokavyo kwenye kodi ya mama niliyemwona foleni, hatimiliki ya marehemu mumewe kaitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko kaufunga pembeni mwa leso, na kila akiitwa anaufungua kwa meno kwa kuwa mikono inamtetemeka.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Nisifu basi na mahakama. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilisema kuwa hatimiliki pekee haimkingi mnunuzi iwapo ardhi ilitolewa kinyume cha taratibu tangu mwanzo. Lazima asili yake ichunguzwe. Hukumu nzuri, kwani kiwanja cha umma kilichonyakuliwa hakitakasiki kwa kuuzwa. Lakini asili hiyo imeandikwa wapi? Ndani ya faili. Na faili liko kwa nani? Kwa wale wale wanaotuambia turudi wiki ijayo.

Raia akipoteza hatimiliki yake, anaapa, anaeleza ilivyopotea, kisha tangazo linatoka na siku 60 zinahesabiwa. Rejista ikipotea mikononi mwa ofisi, tangazo hutoka vilevile katika Gazeti Rasmi la Serikali, lile la kila Ijumaa. Siku 60 zikipita bila pingamizi, inafunguliwa nyingine. Matangazo hayo nimeyasoma mengi. Jina la mwenye shamba limo, nambari ya shamba imo, ukubwa wake kwa hekta umo. Aliyeishika rejista mara ya mwisho hayumo.

Naomba uongezwe mstari mmoja tu: jina la ofisa aliyetia saini kuitoa rafuni, pamoja na nambari yake ya kazi. Agizo hilo likitolewa Jumatatu, mafaili mengi yataonekana kabla ya Ijumaa.