Chafya za Alfajiri

Kwa mwaka mzima nyumbani kwetu Tabata hatukuhitaji saa ya kengele. Saa kumi na moja alfajiri mwanangu wa miaka minane alipiga chafya saba mfululizo, na jirani akaitikia "afya!" kutoka ng'ambo ya ukuta. Pua aliisugua kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, mpaka ikajichora mstari.

Bibi yake akaamuru afukizwe majani ya mkaratusi. Alitoka ndani ya shuka amelowa jasho, akapiga chafya ya nane.

Daktari alisema si mafua, ni mzio, na mshukiwa wake wa kwanza alikuwa utitiri wa vumbi unaojificha kwenye godoro na mito. Tufue mashuka kila wiki kwa maji ya moto, na mtoto apuliziwe puani mometasoni, dawa ya aina ya steroidi, mpulizo mmoja kila tundu, mara moja kwa siku.

"Ni steroidi?" mama aling'aka. "Mjukuu wangu anakwenda kunyanyua vyuma?" Nikamweleza nilivyoelezwa: hizo za vyuma ni za ukoo mwingine. Hii ni kiasi kidogo, kazi yake inaishia puani, na hata hivyo daktari atampima mtoto urefu kila tukirudi.

Usiku ule nilimlaza chali kama anayetiwa dawa ya macho. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikachungulia kitundu cha chupa, nikabonyeza mara ya tatu, na miwani yangu ikapata dozi kamili. Mtoto alicheka hadi kamasi zikamtoka.

Siku ya nne tone la damu likadondoka kwenye shati la shule. Nikatangaza dawa haifai, nikambeba mtoto na chupa yake hadi kliniki.

"Baba, unapulizia ukuta wa katikati," muuguzi alisema, huku akijizuia kucheka. Chupa mpya hutikiswa, kisha hubonyezwa hewani mpaka itoe ukungu. Mtoto apenge kwanza, ainamishe kichwa mbele kidogo. Tundu la kushoto ni la mkono wa kulia, la kulia ni la mkono wa kushoto, na ncha ielekee upande wa sikio. Avute pumzi taratibu, si kama mzee wa ugoro, maana dawa ikifika kooni imepotea njia. Tena isihukumiwe kwa siku nne; huweza kuchukua wiki mbili kuonyesha nguvu zake zote.

Mwanangu alipatia mara ya kwanza. Mimi niliulizwa maswali ya marudio.

Wiki ya tatu tulichelewa shule, nyumba nzima. Hakuna aliyepiga chafya.

Ndugu msomaji, kama na wewe una chupa hiyo nyumbani, kabla hujailaumu dawa, ikunjue ile karatasi iliyomo ndani ya boksi uisome. Yangu niliikuta bado imekunjwa.