Namna ya Kuchagua Fremu ya Baiskeli ya Changarawe Ukiwa Isangi

Ulaya na Marekani wamezipa jina: baiskeli za changarawe. Matairi yake ni mapana kuliko ya baiskeli za lami, na wenye nazo hupenda kuzijenga kipande kwa kipande, wakianza na fremu. Kenya nako tangu 2021 kuna mashindano yake, Migration Gravel Race, huko kwenye nchi ya Wamasai. Ukitaka yako nakuunga mkono kabisa. Lakini wewe uko Isangi, pale Lomami inapomwaga maji yake kwenye Mto Kongo, kilomita kama 125 chini ya Kisangani. Changarawe yenyewe utaitoa wapi? Una udongo mwekundu, mizizi, madaraja ya magogo, na mvua ya karibu milimita 1,800 kwa mwaka, kama wanavyoipima kwenye kituo cha Yangambi. Basi tutaijenga ya udongo.

Swali la kwanza ni moja tu: itabeba nini? Usijibu kwamba itakubeba wewe. Hilo ni jibu la mtu wa Makiso, katikati ya Kisangani, anayetoka kununua mkate. Itabeba mawese, mpunga, mikungu ya ndizi, na siku nyingine shemeji. Bidoni ya lita 25 ikijaa mawese ina kilo kama 23. Funga nne, umeshapita kilo 90, na bado hujaweka nguo zako wala chikwangi, ule mkate wa muhogo, ya njiani. Wataalamu watakuambia upime urefu wa mguu ili ujue saizi ya fremu. Achana nao. Mzigo ukishafungwa hupandi tena, unasukuma: mkono mmoja kwenye fimbo iliyofungwa kwenye usukani, mwingine kwenye mti uliosimamishwa nyuma ya kiti. Wavietnam walisukuma hivyohivyo mwaka 1954, walipopeleka chakula na silaha kwenye vita vya Dien Bien Phu kwa baiskeli zilizobeba hata kilo 200 na zaidi kila moja. Kwa hiyo kinachopaswa kulingana na kimo chako ni fimbo, na fimbo hukatwa porini bure.

Sasa chuma. Nenda sokoni na sumaku. Ile iliyomo kwenye spika ya redio mbovu inatosha. Ibandike kwenye bomba la juu, bomba la chini na bomba la kiti. Ikishika kote, endelea na mazungumzo. Ikiteleza, hiyo ni alumini au kitu chepesi zaidi, na muuzaji umuage kwa heshima zote. Ni kweli kwamba alumini ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma, na kwa mashindano ya siku moja ningeipanda kwa furaha. Ila ikichoka hupasuka, na kuiunga vizuri kunataka umeme, gesi ya agoni na mtu aliyejifunza kazi hiyo. Chuma kikikatika karibu na Yanonge, njiani kwenda Kisangani, yeyote mwenye moto wa kutosha, kipande cha shaba na mkono mtulivu atakirudisha, na kesho yake unaendelea na safari.

Hapo ndipo nisipokubali kubishana na mtu. Fremu huchaguliwa kwa kumfikiria fundi wa mwisho barabarani, yule aliye mbali kuliko wote na mji. Kabla hujauliza bei, jiulize yeye ana nini mkononi.

Sokoni Kisangani utakutana na fremu za Phoenix za Kichina, nyingine za Kihindi, na ukibahatika Raleigh ya zamani iliyoletwa na mtoto wa marehemu. Muuzaji atakuapia: "Yaya, kadri hii inabeba kila kitu." Kadri ndiyo fremu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mjibu kwa upole: "Papa, ngoja kwanza nipime," kisha utoe uzi mfukoni. Funga ncha moja kwenye sikio la nyuma linaloshika ekseli upande wa kushoto. Upeleke uzi mbele, uuzungushe kwenye kichwa cha fremu, uurudishe hadi sikio la kulia, ukaze. Pima pengo lililopo kati ya uzi na bomba la kiti kushoto, kisha kulia. Mapengo yakilingana, fremu imenyooka. Yakipishana milimita mbili tatu, fundi ataivuta irudi. Yakipishana kidole kizima, hiyo ilishalala chini ya lori.

Hujamaliza. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, nyuma kidogo tu ya kichwa. Rangi ikiwa imekunjamana hapo, fremu iligonga kitu kwa mbele. Hapo peke yake pakiwa na rangi mpya, uliza mara mbili. Ipindue, uitikise: unga wa kutu ukimwagika, mabomba yameanza kuliwa kwa ndani. Kisha azima magurudumu, uyafunge, na mjomba aliye mnene kuliko wote katika ukoo aketi kwenye bomba la juu huku wewe umechuchumaa nyuma ukitazama kama magurudumu mawili bado yamo kwenye mstari mmoja. Mjomba umlete kutoka nyumbani. Wa sokoni atadai bia.

Magurudumu yenyewe ni 28 kwa moja na nusu, yale ya baiskeli za wazee, ambayo tairi lake hukaa kwenye ringi ya milimita 635. Ringi ya baiskeli za changarawe za Ulaya ni ya 622. Milimita 13 hizo zitakulaza porini ukisubiri tairi ambalo haliji. Tairi likishaingia, kidole kipite kila upande, maana udongo wa Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka Kisangani, ukilowa unataka nafasi. Mkia wa fremu uwe mrefu, bidoni zisigonge visigino. Breki za diski na giya kumi na moja waachie wanaoishi jirani na duka la vipuri.

Foki ndiyo hutangulia kukata tamaa, hivyo mwambie fundi aiongezee nondo nyembamba mbili, kutoka kwenye ekseli hadi juu. Keria ifungwe kwa bolti, isichomelewe kwenye fremu: moto hudhoofisha mabomba membamba ya nyuma, na keria iliyokufa haipaswi kuzikwa na fremu nzima. Kwa kuwa utavuka Mto Kongo kwa mtumbwi kabla ya kuingia mjini Kisangani, na mtumbwi huvuja, mimina oili chakavu ndani ya mabomba, uzungushe fremu ipate kuenea, halafu uzibe matundu.

Rangi huja mwisho. Nyeusi inapendeza na inaficha kila kitu, pamoja na ufa. Paka nyeupe au njano, ufa ukianza uuone wakati fundi bado yuko karibu.