Breki Isiyopiga Hodi

Bonde la Kilombero halina huruma na breki za dramu. Masika yakikolea, maji ya dimbwi huingia ndani ya dramu na kukaa humo kama mpangaji aliyelipia miezi sita. Na Land Rover yangu, 109 Series III, ilitoka kiwandani na dramu tairi zote nne.

Kwa hiyo breki yangu ilikuwa mji wa Ifakara. Nikianza kupampu pale Kibaoni, bodaboda wanahama barabara, akina mama wa ndizi wanavuta beseni, na mbuzi, ambao hapa hawamheshimu mtu, wananipisha. Utingo wangu naye, tangu enzi za kivuko cha Mto Kilombero, kabla ya daraja la mita 384, hutangulia kuruka na gogo la kuweka mbele ya tairi.

"Mzee, tufunge diski mbele," fundi akasema. "Hata Land Rover wenyewe walizifunga kwenye 110 mwaka 1983."

Spea zikaja kwa basi kutoka Kariakoo: diski, kalipa, pedi na busta. Busta si urembo. Dramu ikizunguka hulivuta shuu likajikaza lenyewe; diski haijikazi, inataka nguvu.

Mwanzoni gari liligoma kwenda. Master silinda ya zamani ina kivalvu kinachobakiza presha kidogo kwa ajili ya dramu, na presha hiyo hiyo ikawa inazibana pedi kwenye diski. Kijana wa gereji akagusa rimu kujua kama ina moto. Alijua.

Kivalvu kikatolewa, upepo ukatolewa, tukashika njia ya darajani. Akakatiza mwanambuzi, mtoto wa juzi asiyeijua historia yetu. Nikakanyaga. Gari likasimama palepale. Gunia la mchele, tenga la kuku na shangazi wakaendelea na safari. Utingo, aliyekuwa amesharuka, alisimama mbele na gogo lake akingoja gari lisilokuja.

Shangazi akajitoa chini ya tenga, akapangusa manyoya.

"Mwanangu, breki gani hii isiyopiga hodi?"

Nikamweleza taratibu kwamba diski ziko mbele tu. Nyuma bado ni dramu.

Tangu hapo hataki kusikia habari ya kiti cha mbele. Anapanda nyuma na magunia. Anasema huko breki zina adabu.