Kamera Inayouliza Mtoto Kazaliwa Lini

Mwenye kamera ndogo ya dijitali huambiwa azungushe gurudumu la juu, mengine aiachie mashine. Alama ya kichwa ni picha ya mtu, ya mlima ni mandhari, ya mkimbiaji ni michezo. Hapo hakuna ugomvi: kwenye michezo kamera hupokea mwanga kwa muda mfupi sana, mpira usije ukatoka kama moshi.

Kisha watengenezaji wakanogewa. Panasonic waliweka kwenye Lumix zao modi za "Mtoto 1" na "Mtoto 2". Unaingiza tarehe ya kuzaliwa, kamera inakuonyesha umri kwa miaka na miezi. Wa tatu, inaelekea, atajikumbuka mwenyewe. Casio nao, mwaka 2007, wakaleta Exilim yenye modi ya YouTube.

Mtu wa Dar es Salaam akiikuta modi ya theluji hucheka. Asicheke. Kipima mwanga kikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza, na cheupe kikatoka kijivu. Modi hiyo huurudisha. Bi harusi mwenye shela jeupe anaihitaji, na safu ya kanzu siku ya Idi vilevile.

Modi ya fataki ndiyo kiboko. Lenzi hupokea mwanga kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo kamera yataka stendi. Fundi wetu huishika kwa mkono mmoja, soda mkono wa pili, akapata tambi za rangi zilizomwagika gizani. Kamera mbovu, asema. Kitabu cha maelezo kimo bado ndani ya boksi, na nailoni yake.