Nati ya Tano

Mjapani namheshimu. Katuuzia magari aliyoyachoka, sisi tunayaita mapya, na kile kidude cha kulipia barabara za kwao bado kinatulalamikia kwa Kijapani kila tukiwasha gari. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni nati ya loki.

Kila tairi la gari langu lina nati tano. Nne ni za watu wa kawaida, wili spana yoyote inazishika. Ya tano ni mviringo mtupu, haina pembe hata moja, na kichwani ina mfereji uliopindapinda kama maandishi ya mganga. Haifunguki mpaka uipachike kichuma chake maalumu chenye mchoro uleule, kidogo cha kufumbata kiganjani. Lengo ni mwizi asiondoke na rimu.

Sasa hicho kichuma kiko wapi? Gari limepita mnadani, melini, bandarini, yadi, kwa dalali, na kila mkono ulioligusa ulichukua chake: huyu jeki, yule zulia. Aliyebeba kichuma hajui hata ni cha nini. Naambiwa kiwanda kinaweza kukutengenezea kingine ukikipa namba iliyoandikwa kwenye kadi. Kadi yenyewe huwekwa pamoja na kichuma.

Haya yote huyajui mpaka upate pancha Kimara, jioni, foleni imeshonana. Hapo kila mpita njia ni fundi. Mmoja akasema nipake oili ya breki, nati imeshika kutu, na nati yenyewe inang'aa kuliko meno yake. Konda akachomoza kichwa kwenye daladala: "Oya bosi, zungushia upande wa pili!" Daladala ikasogea hatua mbili, akabaki ananishauri kwa mbali.

Fundi alikuja na bodaboda, begi mgongoni. Kwanza akazikaza upya zile nne nilizokwisha kuzilegeza kwa jasho langu. Nikafoka. "Mzee, ukizilegeza hizi, mzigo wote unabebwa na hii moja. Haitoki." Akachagua boksi kuukuu la meno kumi na mawili, jembamba kidogo kuliko nati, akaligongelea kwa nyundo mpaka likang'ata. Akatia mpini, akauongeza urefu kwa kipande cha bomba, akaukanyaga. Nati ikalia, ikasalimu amri. Kazi ikabaki kuing'oa ndani ya boksi kwa tindo, na hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kufungua tairi.

Alinieleza kuwa zipo nyingine zenye pete ya nje inayozunguka bure, boksi halipati pa kung'ata. Hizo anachomelea nati juu yake, kisha anazungusha, na rangi ya rimu inaungua hapohapo.

Basi niambieni, loki hii inamzuia nani? Imeshindwa na chuma chakavu na nyundo, hadharani, umati unatazama. Na wezi wa mjini kwetu wana hamu na sait mira na taa, ndiyo maana tunachora namba za gari kwenye kila kioo. Fundi akanitoza kwa kila nati, maana matairi matatu yalikuwa bado, akaiita hela ya utaalamu. Nikamuuliza kasomea wapi. Akacheka: "Mtaani tu, mzee." Sikuendelea kuuliza.

Ukienda yadi kuchukua gari, acha kupiga mateke matairi kama unayajua. Fungua droo ya dashibodi, inua zulia la buti, chungulia shimo la spea. Ukiona loki na kichuma hakipo, waambie wazing'oe wao kabla hujatoa hela. Nati za kawaida zimejaa kwenye maduka ya spea ya Gerezani.